Kopo Lililolia Kwenye Filamu

Jumapili, 9 Machi. Mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke Kishapu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, machimboni hakuna kazi. Nina muda wa kuandika, na nina aibu.

Jana mchana tulikwenda Kalangalala, kwenye banda la video, kuangalia filamu ambayo mimi nimo. Mwezi uliopita dada mmoja kutoka mjini alikuja na kamera kwenye duara letu, yaani shimo tunalochimba dhahabu. Alisema anatengeneza filamu fupi ya majaribio. Haina hadithi, haina maneno. Ni nyuso tu za watu waliochoka, wanaokimbilia kwenye simu.

“Msiigize, kaka zangu,” alituambia. “Kaeni kama siku zote.”

Nikakaa kama siku zote. Akaiacha kamera imesimama mbele yangu, akaenda kuwaangalia watu wa karasha wakisaga mawe.

Kazi yangu ni winchi. Mwenzangu Masanja anashuka, mimi nabaki juu na kuvuta. Pembeni yangu linaning'inia kopo la maziwa lenye kokoto, limefungwa kamba inayofika mpaka chini. Likilia mara moja, vuta mzigo. Likilia mara tatu, vuta mtu, haraka.

Mzigo ukichelewa naweka hedifoni masikioni na kuangalia video kwenye simu. Kuna mzungu mmoja anajenga nyumba ya magogo msituni, peke yake, hasemi neno. Nikimwangalia mgongo hauumi, na nasahau kwamba mke wangu anauliza narudi lini. Sijui kwa nini mtu anayeshinda kazini apumzike kwa kutazama kazi ya mwingine.

Banda lilijaa wachimbaji. Uso wangu ulipotokea wakacheka.

“Kashindye, funga mdomo, nzi wataingia!”

Hata Masanja, aliyekaa kulia kwangu, alinipiga bega akicheka.

Kisha kopo likalia nyuma ya uso wangu. Mara tatu.

Vicheko vikapungua. Likalia tena, mara tatu. Kwenye filamu mimi natabasamu, hedifoni masikioni, macho kwenye simu. Mtu nyuma yetu akaanza kuhesabu kwa sauti, akaacha. Yule dada hakujua maana yake. Alituambia aliipenda ile sauti, ndiyo maana aliiacha ndefu.

Ni siku ile hewa ilipoharibika chini. Nilipomtoa Masanja alikuwa anatapika, macho mekundu. Nikamwambia winchi ilikwama.

Aliniamini. Jioni ile akaninunulia ugali na sato, akampigia mkewe simu mbele yangu: “Mama Dotto, msalimie ndugu yangu. Ameniokoa.” Yule mama akanishukuru huku analia. Nami nikamjibu kwamba sisi huku ndivyo tunavyoishi, tunalindana.

Yule sato nilimla mpaka kichwa.

Filamu ilipokwisha Masanja hakusimama.

“Winchi ilikwama?”

“Haikukwama, kaka.”

“Ulikuwa unaangalia nini?”

Ningeweza kusema nilikuwa naongea na nyumbani, mtoto anaumwa. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. Nikasema, “Mzungu anajenga nyumba.”

Akasimama.

“Ameimaliza?”

“Bado.”

Akatoka. Sikumfuata. Nilirudi kambini kwa miguu, peke yangu, simu mfukoni, na njia nzima mkono ulikuwa unaitafuta.

Leo asubuhi amekuja mlangoni kwangu, amelowa. Nikamkaribisha, hakuingia.

“Kesho utashuka wewe. Mimi navuta.”

“Nduhu mhayo,” nikamjibu kwa kilugha chetu. Hakuna neno.

Neno lipo. Sijawahi kushuka hata mara moja, na baada ya mvua hii chini kutakuwa kubaya. Nilitaka kumuuliza kama atalisikia kopo. Lakini mimi wa kuuliza hivyo ni nani?

Nashuka saa mbili asubuhi. Natarajia kupanda saa saba mchana.