Nilifunika Taa ya Avenyu Nzima

Mpendwa Mama Mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho, na jina langu usilitaje redioni. Mimi ni katibu wa kamati ya avenyu yetu hapa Mikelenge, mjini Kindu, na ninaogopa.

Kamati inatafuta umeme wa kudumu na tuna njia mbili za kupima, jenereta ya mazutu, yaani dizeli, ambayo itazimika kila mara mazutu yakichelewa kufika Kindu, au paneli za jua zenye betri, pamoja na nguzo za taa barabarani na waya mpaka maternité, nyumba ya kuzalishia, na mimi nikatumwa kupita nyumba thelathini na mbili niulize kila mmoja anataka ipi, nikapita kweli, lakini kwa wajane sita wa mwisho sikuingia, niliketi kando ya ukuta wa kanisa nikawaandikia mwenyewe: wanakataa nguzo, wanaogopa mwanga. Anayeogopa mwanga ni mimi.

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na siku zile za vita nyumba iliyoonekana na mwanga ndiyo iliyogongwa na wenye bunduki, kwa hiyo kila jioni baba yangu Anaclet alifunika kibatari kwa sufuria iliyotobolewa, na jioni moja sindano ikaniponyoka, nikafunua sufuria niitafute, baba akasema, “Funika taa, mutoto,” na kabla sijafunika wakagonga, wakamtwika mizigo yao akaenda nao, mpaka leo hajarudi. Sasa kwenye ramani ya fundi wa paneli kuna nguzo moja mbele ya mlango wangu.

Mwenyekiti Didier amesoma karatasi yangu, anasema wajane wasilazimishwe, basi tuchukue jenereta. Muuguzi wetu wa maternité, Élisabeth, alinishika mkono akaniambia, “Mama, miye nazalisha wamama na tochi ya telefone mu kinywa. Hii ya jua njo nilikuwa natumainia.” Na binti yangu Bibiche ana mimba ya miezi minane, atajifungulia pale pale kwa Élisabeth. Kura ni Jumamosi. Nikisema nitaitwa mwongo, nikinyamaza nahofia mwanangu, nifanye nini?

*

Mama wa Mikelenge, pole kwa baba yako. Naitanguliza pole hiyo kwa sababu nitakukaripia.

Umewabandika wajane sita woga wako bila kugonga milango yao. Nao walipitia vita vile. Pengine wanaogopa kukuzidi, pengine wamechoka kukaa gizani. Hujui, kwa kuwa hukuuliza. Na kamati inayochagua kwa karatasi ya uongo inacheza tu.

Kuhusu kibatari, nisikilize vizuri. Baba yako alichukuliwa na watu wenye bunduki, na kosa ni lao. Wewe ulikuwa mtoto anayetafuta sindano.

Lakini woga wako si upuuzi. Ungeuandika kwa jina lako, ungekuwa hoja nzito kuliko zote kwenye karatasi ile. Fundi anajua betri, hajui kwamba hapa kwetu kuna watu ambao hawalali bila kujua taa inazimwaje.

Kwa hiyo leo hii nenda kwa Didier, umwambie. Atakasirika, na ana haki, vumilia. Kisha mpite pamoja kwa wale sita, ukae, uulize, uandike wanachosema hata kama kweli wanakataa. Jumamosi simama uombe kila nguzo iwe na swichi yake ndani ya kisanduku, na ufunguo ukae kwa mtu wa avenyu anayejulikana. Maternité iwe na waya wake peke yake, asiuzime mtu kwa hofu wala kwa hasira. Na ile nguzo ya mbele ya mlango wako, ufunguo wake uombe wewe.

Siku ya Bibiche ikifika, kaa naye mle ndani penye mwanga. Usifunike kitu.