Nitafutie Kosa Kabla Sijachapa

Mtendeni,
Tabora.
3 Mei 2024

Mpendwa mjukuu wangu Najiat,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Je, kile kifua ulichopata kwa baridi ya Ufini kimepona? Sisi huku wazima. Bibi yako Swaumu goti linampeleka hospitali ya Kitete mara kwa mara, ila sauti yake haijapungua.

Asante kwa jibu lako kuhusu nadharia yangu. Umeandika kwa adabu mno, na hapo ndipo ninapogomba. “Inavutia, babu.” Hivyo ndivyo mgeni husema juu ya mboga asiyotaka kuongezwa.

Nieleze tena. Nilipokuwa mhandisi wa reli pale Kaliua, niliona abiria wawili wasiojuana wakibanana mlangoni mwa behewa. Hawakuvutana, umati wa nyuma yao uliwasukuma. Nami nasema dunia haivuti jiwe. Anga limejaa chembe ndogo zinazosukuma kutoka kila upande. Dunia hutukinga na zile za chini, basi za juu hushinda, nasi tukabaki ardhini.

Barazani wananicheka. Festo, mtani wangu Mgogo, akiniona tu kwa muuza kahawa hupaza sauti: “Mpisheni Mhandisi, mbingu imemsukuma mpaka hapa!” Namjibu kwamba yeye hakusukumwa na kitu, amefuata kashata za bure. Lakini kicheko si hoja.

Hoja inayoninyima raha nimeiona mwenyewe. Mwendesha baiskeli mvuani hulowa kifua kuliko mgongo. Dunia nayo hukimbia kulizunguka jua. Chembe zangu zingeipiga usoni na kuipunguzia mwendo. Mbona haipungui mwendo? Hesabu zangu za madaraja hazifiki huko. Zako wewe, msomi wa fizikia, zinafika.

Kijitabu kiko tayari, lakini nimemwambia mchapaji asubiri jibu lako. Hapa jamaa wote huniamkia kwa heshima, wala hakuna anayethubutu kunipinga. Wewe ni mjukuu, na kwetu babu na mjukuu ni watani. Basi weka adabu kando, unichambue kama Festo, ila kwa hesabu. Tundu hilo la hoja yangu likizibika, nitachapa. Lisipozibika, nitakwenda barazani mwenyewe niseme nimekosea, kahawa ya wote iwe juu yangu, na kesho yake nianze upya.

Msalimie mumeo Rashidi, na umbusu mwanenu Asmahani. Bibi anawafungia asali.

Mungu akupe afya, na akuondolee woga wa kunipinga.

Wako akupendaye, na asiyetaka kusifiwa,
Babu Adinani