Machozi Yako Chini ya Miti Mikubwa

Mjukuu wangu Mwanasiti,

Shikamoo yako imefika hapa Likoni, marahaba. Mguu wa babako umepona, alhamdulillahi.

Waniuliza kama ni aibu kulia mbele ya wenzio, kama ulivyolia ulipoiona miti mikubwa ya hifadhi ya huko Marekani ukamkumbuka marehemu mamako.

Zamani, mwanangu wa kwanza alipofariki, dadangu alinipeleka msitu wa Shimba. Nikaukumbatia mvule mmoja mnene, nikalia. Askari wa msitu akatazama upande mwingine mpaka niliponyamaza.

"Niwie radhi," nikamwambia.

"Wengi hulia hapa, mama," akajibu. "Nyumbani watu huwaambia wanyamaze."

Jioni ile nilikula, mara ya kwanza tangu msiba. Nawe ulipotoka huko, ulikula?

Nyanyako,
Mwanahamisi