Yusra Asome Wapi

Nakuru,
8 Septemba 2024

Dada Mwanatumu,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya Nakuru bado haijanizoea wala mimi sijaizoea. Goti lako laendeleaje? Na wateja wa mahamri hawajambo?

Nina habari. Twaiba amepata kazi ya uuguzi Msambweni, anaanza Januari. Atakuja na Yusra wakae kwako, kama ulivyotukaribisha. Mimi nitabaki huku nikitengeneza mafriji yangu mpaka mkataba uishe mwezi wa sita.

Sasa shughuli iko kwa Yusra. Mwakani anaingia gredi ya kwanza, na mama yake anasema aende shule ya Zambarauni hapo karibu nawe, ya serikali, mtoto anakwenda kwa miguu. Mimi siitaki. Wajua kwa nini. Wakumbuka nilivyokuwa nikirudi nyumbani kutoka hapo na kaptura imelowa kwa sababu "naomba ruhusa" ilikuwa haitoki kinywani. Wenzangu waliniita Pikipiki, ile isiyowaka, na mwalimu alicheka nao.

Yusra amerithi kigugumizi changu. Huku chekechea ameanza kunyamaza. Akiulizwa anatikisa kichwa tu, hata jibu akiwa nalo. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Twaiba ananiambia, "Hiyo ni shule ya miaka thelathini iliyopita. Ya leo umeiona?" Sijaiona. Basi nakuomba, dada, uende ukaitazame kwa macho yako. Usijishughulishe na rangi ya ukuta. Tazama mtoto akikosea anafanywaje.

Simu siiwezi, wajua. Niandikie.

Mdogo wako,
Swabir

*

Zambarauni,
17 Septemba 2024

Mdogo wangu Swabir,

Waaleikum salaam, marahaba sana. Goti lanisumbua nikipanda tu, nikishuka halina neno. Mahamri yanakwisha kabla ya saa mbili, kwa hivyo nafasi ya kuchunguza ninayo, na kusema kweli uchunguzi wenyewe nimeupenda.

Mwalimu mkuu, Bwana Abdurahman, alidhani nimepeleka mahamri. Nikamwambia nimekuja kuitazama shule. Akauliza, "Umetumwa na wizara?" Nikasema, "Nimetumwa na ndugu yangu." Akacheka, akaniletea kiti. Nikamwambia kiti ninacho nyumbani, nataka kuona darasa.

Nilianza na vyoo. Vimefagiliwa, lakini mlango mmoja wa wasichana hauna komeo. Tangi lina maji, ila mpishi aliniambia juma lililopita lilikauka. Uji niliuonja: sukari ya kutafuta, lakini umeiva vizuri. Gredi ya kwanza wana watoto sitini na wawili, dawati moja wanabanana wanne. Sikufichi kitu.

Mwalimu wao aitwa Nzisa, Mkamba wa kule Shimba Hills. Mwili mdogo na sauti ndogo. Nilifikiri watoto watampanda kichwani. Akamuuliza msichana mmoja, sita ukitoa tatu? Mtoto akasema tisa. Mikono ikaenda juu darasa zima, "Mwalimu! Mwalimu!" Akawaambia washushe mikono. Akachuchumaa pale kwenye dawati, akasema, "Tisa umeipataje? Nionyeshe." Mtoto akapanga vifuniko vyake vya soda, sita, kisha tatu, akavihesabu vyote. Nzisa akamwambia, "Kumbe umejumlisha, na umejumlisha sawasawa. Swali langu lilikuwa kutoa. Haya, tutoe." Na mtoto akatoa.

Walipokwenda kucheza nilimuuliza Nzisa: mtoto mwenye kigugumizi angemfanyaje? Akasema, "Sijawahi kumfundisha mmoja, mama. Sijui. Mkimleta nitauliza wanaojua."

Jibu hilo sijui nilipende au linitie hofu. Wewe waonaje?

Dadako,
Mwanatumu

*

Nakuru,
22 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai goti limepoa. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na Twaiba nimemsomea.

Nimempenda mwalimu huyo, lakini watoto sitini na wawili ni wengi mno. Na "sijui" ni neno la mtu mkweli, ila mwanangu si wa kujifunzia kazi. Iko akademia moja pale Ukunda, tumeisikia ikisifiwa. Ada yake tutajibana tuiweze. Tafadhali nenda na huko, uulize maswali yale yale.

Mdogo wako,
Swabir

*

Zambarauni,
5 Oktoba 2024

Swabir,

Salaam nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa Yusra. Sisi hatujambo, mvua za vuli bado zinatuchungulia tu.

Ukunda nimekwenda. Ni shule nzuri, nisiseme uongo. Watoto ishirini na wachache kwa darasa, mabomba yote yanatoa maji, na kuna chumba kizima cha vitabu ambacho nilikaa ndani yake mpaka nikasahau kilichonipeleka. Mwalimu Purity alinipokea vizuri sana. Nilipomuuliza swali letu akasema, "Hapa tunawajenga kujiamini. Kila Ijumaa kila mtoto anapanda jukwaani na kusema kwa moyo mbele ya wazazi. Huyo naye atazoea."

Nikamuuliza, asipozoea?

Akasema wote huzoea. Si mtu mbaya, Swabir. Nadhani hajapata kukutana na asiyezoea. Basi lao linapita huku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa sikiliza. Jana Mwalimu Nzisa alikuja kununua mahamri. Akaniambia alipanda Kwale juzi baada ya masomo, akamwona mtu wa elimu maalumu kwenye ofisi za elimu. Kisha akaanza kuniuliza mimi: "Mtoto wenu akiimba hukwama? Akisoma pamoja na mwenzake je? Anakwama zaidi akiwa na nani?" Nami sasa nataka kujua. Nijibu.

Dadako,
Mwanatumu

*

Nakuru,
9 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Sote wazima.

Maswali hayo hakuna aliyepata kuniuliza maisha yangu yote. Nilimwita Yusra tukaimba. Tuliimba nyimbo za chekechea, tukaimba za harusi ulizokuwa ukiimba wewe. Hakukwama hata mara moja. Mimi pia sikukwama. Twaiba alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini.

Mwambie Mwalimu Nzisa: akiimba hakwami. Akisoma na mwenzake hukwama kidogo. Akiharakishwa, hapo ndipo panapofungika kabisa.

Aende Zambarauni. Kwa muhula mmoja, halafu tutazame.

Mdogo wako,
Swabir

*

Zambarauni,
19 Februari 2025

Mdogo wangu,

Salaam. Twaiba yuko zamu, ameniomba niandike mimi, na ninaandika kwa uzito.

Januari yote ulikuwa ukisikia habari njema, nazo zilikuwa za kweli. Mwalimu Nzisa aliita majina kwa wimbo, na Yusra aliitikia kwa wimbo kama wenzake. Alikuwa akirudi nyumbani ana maneno mpaka nikawa natafuta pa kupumulia.

Nzisa amehamishwa. Amepelekwa Kinango, ilikuja ghafla. Alipita kuniaga, akakaa ukumbini akalia kidogo, akaenda zake. Aliyeletwa ni kijana wa bara, Mwalimu Harrison. Hana ubaya, ila ana haraka, huita majina kama anayefukuzwa. Juzi nilimuuliza Yusra walisoma nini. Akatikisa kichwa.

Dadako,
Mwanatumu

*

Nakuru,
21 Februari 2025

Dada,

Mtoeni. Nilimwamini mwalimu mmoja nikadhani nimeiamini shule. Nimeshawaandikia Ukunda, wanayo nafasi mpaka Ijumaa ya juma lijalo. Twaiba akachukue karatasi za uhamisho. Sina la kuongeza.

Swabir

*

Zambarauni,
25 Februari 2025

Swabir,

Salaam za mwenye kukupenda. Tulia uisome yote.

Jana Twaiba alikuwa hana zamu, tukaenda pamoja kuchukua karatasi. Bwana Abdurahman alikuwa na wageni, basi tukangoja barazani, dirisha la gredi ya kwanza liko palepale. Walikuwa wanasoma kitabuni, mmoja mmoja. Zamu ikafika kwa Yusra. Akasimama. Neno la kwanza likamkwama.

Harrison akasema, "Haya, keti. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Hafsa, mtoto wa Bi Thoya wa dukani, wanakaa dawati moja. Hafsa hakusoma. Akasema, "Mwalimu, Yusra bado hajamaliza."

"Nimesema wewe usome."

"Hajamaliza," akasema tena, na mwingine kule nyuma akasema, "Sisi humngoja." Hawakupiga kelele. Walikuwa wanamfahamisha, kama unavyomfahamisha mgeni kisima kilipo.

Twaiba alinishika mkono nikaumia. Harrison aliwatazama. Kisha akaketi kwenye ukingo wa meza, akangoja. Watoto wote wale wakatulia. Yusra akalivuta lile neno, likatoka, na mengine yakafuata, mawili yakakwama njiani, mpaka mwisho wa ukurasa. Hakuna aliyempigia makofi. Akaketi, Hafsa akasoma wake.

Darasa lilipokwisha, Harrison alitukuta pale. Twaiba alijitambulisha. Kijana akasema, "Mama, mimi sikujua. Hakuna aliyeniambia." Ni kweli, Swabir. Sote tulikuwa tumekasirika, hakuna aliyemwambia. Twaiba akamweleza yote, kuhusu kuimba na kuhusu haraka, naye akamuuliza maswali mpaka kengele ikalia.

Jioni nilimuuliza Yusra kama anataka shule yenye basi na mabomba. Akauliza, "Na Hafsa atakwenda?" Nikasema hapana. Akasema hataki. Alichukua muda kulisema, lakini alilisema.

Komeo la choo bado halijatiwa. Karatasi hatukuchukua. Nafasi ya Ukunda ipo mpaka Ijumaa, na wewe ndiye baba.

Dadako,
Mwanatumu

*

Nakuru,
27 Februari 2025

Dada Mwanatumu,

Shikamoo. Natumai mmeamka salama nyote.

Nimewaandikia Ukunda, nimewashukuru. Nafasi wampe mwingine.

Nimeomba ruhusa kazini, nitakuwa kwenu juma la pili la Machi. Niulizie kwa Mwalimu Harrison kama mzazi anaweza kukaa darasani siku moja, nyuma kabisa. Nitakuja na bisibisi na komeo la choo. Lakini hasa nataka kuwaona watoto hao.

Huenda wakaniuliza jina langu. Twaiba asinijibie, wala wewe. Nitawatajia mwenyewe.

Mdogo wako,
Swabir