Imondo ya Mzee na Picha ya Ubongo Wangu

Muhonja wangu,

Huku Shinyalu mvua inanyesha kila alasiri, na mimi ndiye maonyesho ya kilimo mwaka huu. Daktari wa Kakamega mjini alinipa picha ya ubongo wangu, na shangazi ameibandika dirishani, kando ya picha ya arusi yake, ili mwanga upite vizuri. Majirani wanaingia na matope yao kuitazama. "Huyu ni babake mtupu!" mmoja akasema. Mwingine aliyaona yale madoa meupe, akauliza kama ni maharagwe.

Ni makovu, Muhonja. Ugonjwa unaitwa MS: kinga ya mwili inaushambulia ubongo wenyewe. Damu nayo ilipimwa, ikakutwa bado inakikumbuka kile kirusi kilichonivimbisha shingo nikiwa sekondari, ambacho daktari anashuku ndicho kilichouanzisha. Shangazi hakushangaa. "Damu ya kwetu inawekanga kinyongo!"

Nilicheka mpaka jana mchana. Shangazi alipika ingokho, kuku wetu wa kienyeji, na unajua imondo, ile firigisi, ni ya mzee wake peke yake. Hata askofu alipokuja kula hapa hakuionja. Jana mzee aliitazama ile picha dirishani kwa muda mrefu, akaitoa imondo kwenye sahani yake, akaiweka kwenye yangu.

Hapo ndipo nilipojua naumwa kweli.

Niliila yote, tamu ajabu. Nakukumbatia, mdogo wangu. Mama mwambie yote ya daktari. Ya imondo usimwambie.

Dadako,
Khavere