Sahani Mbili za Kidoti

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumatano, 12 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu, na baada ya shikamoo nikuulize hali. Mgongo vipi? Unalala? Unapata kitu cha moto cha kula, au bado ni kusimama jikoni na kipande cha mkate mkononi? Sisi huku wazima. Nasema wazima kwa maana kwamba hakuna anayeumwa.

Mimi naendelea na kazi. Wateja wanaleta sare, napunguza, narefusha, napiga pasi. Wakinipa pole najibu nimeshapoa, maana ndivyo inavyojibiwa. Tangu tumzike wifi yangu sijalia tena. Unajua mguu ukiukalia ukafa ganzi, unajifinya, unaona kabisa vidole vinafinya, lakini husikii kitu? Basi mimi niko hivyo mwili mzima. Nadhani na wewe ni yale yale, maana siku hizi kwenye simu tunaongelea baridi ya huko tu.

Nakuandikia habari ya mwanao. Kwa simu isingewezekana, Kidoti habanduki ubavuni kwangu ukipiga.

Jana mwalimu wa chekechea alituita walezi tukae nyuma ya darasa, tuone anavyowapima watoto hesabu kabla ya kuamua nani aende darasa la kwanza. Nilikwenda kama ninavyokwenda kununua uzi. Alishanidokeza kwamba tangu msiba Kidoti hafungui mdomo; wenzake wakiimba namba, yeye anaangalia dirisha. Huenda akarudia mwaka.

Hakukuwa na karatasi wala kalamu. Palikuwa na mkeka, vifuniko vya chupa, vifungo nilivyompelekea mimi, na sahani za plastiki za kuchezea. Mwalimu mwenyewe, kijana mpole, alikaa chini na mtoto mmoja mmoja. Akaanza na mmoja wanamwita Kasuku. Huyo alihesabu mpaka hamsini bila kuvuta pumzi, mama yake karibu apige vigelegele.

"Hongera. Sasa nipe vifungo sita," mwalimu akamwambia.

Kasuku akavikomba vyote kwa mikono miwili, akammwagia mapajani. Tulicheka. Hata mimi nilicheka, ila nilijisikia kama anayecheka ni mtu wa nyumba ya pili.

Ikaja zamu ya Kidoti. Alivichukua vifungo kimya kimya, kimoja kimoja, vilipofika sita akakunja mikono. Mwalimu akapanga vifuniko mistari miwili iliyo sawa, kisha mmoja akautawanya ukawa mrefu. Akamuuliza upi sasa una vingi. Mwanao alimtazama vile unavyomtazama wewe muuzaji anayetaka kukupunja.

"Umevitandaza tu," akasema.

Mwalimu akatabasamu, akamsogezea sahani. "Mwekee sahani kila mtu atakayekula kwenu leo."

Akaweka moja. "Shangazi." Akaweka ya pili. "Mimi." Akakaa.

"Hakuna mwingine?"

"Baba anakula huko huko kwenye simu." Walezi wakacheka tena. Halafu akaongeza, kwa sauti ile ile, "Na mama hali. Alikufa."

Kaka, hakuna aliyecheka. Mwalimu alijua tulichomwambia mtoto, kwamba mama yake yuko hospitali ya mbali. Aliniangalia, na mimi nikaangalia mkeka.

Njiani nikamuuliza nani kamwambia.

"Hakuna. Gauni za mama ulizipunguza ukampa jirani. Angekuwa anarudi ungemuuliza kwanza."

"Mbona ulinyamaza, mwanangu?"

"Baba hajui," akasema. "Kila akipiga anasema mama atapona atarudi. Ningesema, ungempigia ukamwambia. Na baba yuko peke yake kule, hana wa kumshika."

Nilichuchumaa nikamfunga kamba ya kiatu. Haikuwa imefunguka.

Darasa la kwanza anakwenda; mwalimu amesema hana la kumsubirisha. Lakini Jumapili ukipiga anataka kukuambia mwenyewe. Kanikataza nisimtangulie, na ndiyo kwanza nimemtangulia. Barua hii naipeleka kwa rafiki yako anayesafiri kesho, ikufikie mapema. Sikutumi uigize kwamba hukujua. Yatosha yale tuliyokwisha kumdanganya. Ila usimkatize. Mwache aseme mpaka amalize, ndipo umwambie ukweli wako. Na ukilia, lia asikie. Humu ndani hajamsikia mtu mzima akilia siku nyingi.

Mama mkubwa anakusalimu, mguu wake umepungua uvimbe. Mjomba naye anakusalimu, anauliza koti aliloahidiwa, nikamwambia akuulize wewe. Jirani wa gauni anakuombea. Mungu akulinde kazini na akurudishe ukiwa na afya yako.

Naishia hapa, taa inafifia. Kidoti yuko mlangoni amempakata mdoli wake, anajizoeza kwa ajili ya Jumapili. Ameanza upya mara kadhaa. Kila mara anaanza hivi: "Baba, kaa kwanza."

Ni mimi dada yako, akupendaye bila kupungua,

Mama Cherehani