Upara Niliokusingizia

Baba,

Nimekusingizia. Nalitanguliza hili kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitakupa habari za mvua na za karafuu, karatasi itajaa, na neno lenyewe nitakuwa sijalisema. Nimewaambia watu kwamba ulikuwa na upara tangu ujana wako, nao wamesadiki. Sasa Wete nzima inakujua kwa upara ambao hukuwa nao, na mimi nywele zangu zinaota.

Nipe nafasi nieleze, kisha unikasirikie. Na mimi nimekukasirikia vya kutosha.

Siku chache kabla hujafa uliniita kitandani, ukanishika mkono, ukasema, "Usije ukanililia mbele za watu, Hamad. Unistiri." Nikakuitikia, maana ningekwambia nini? Ulipokwenda sikulia. Nilikuosha nisilie, nikakuzika nisilie, nikakaa barazani siku tatu napokea mikono ya watu. Walikuja wa chama hiki na wa chama kile, ambao siku hizi hata mazikoni hawaendeani. Kwako walikuja wote, kwa kuwa vichwa vyote vile vilikuwa vimevaa kofia zako. Walinisifu nilivyosimama mkavu. "Huyu ndo mwanamme," walisema. Matanga yalipokwisha nikakaa pale pale ulipokuwa ukikaa, nikachukua sindano, nikaendelea na kofia uliyoiacha nusu kana kwamba umeondoka kidogo kwenda msikitini.

Nywele zilianza kutoka mwezi wa tatu. Mwanzo niliziona kwenye mto. Kisha nikaziona kwenye kofia ninazoshona, na wewe unajua unywele mmoja mweusi unavyoonekana juu ya bafta nyeupe. Nikitia udhu, nikipitisha mkono kichwani, mkono unarudi na nywele. Mimi, baba, uliyekuwa ukinitania kwamba faroma zako zote za kukaushia kofia haziwezi kichwa changu, itabidi uniagizie gogo zima la mti! Mara ngapi nilijaribu kuvaa kofia yako ikabaki juu juu haishuki? Basi mwezi ule ilishuka. Ilinikaa sawasawa. Mama aliniona nayo akageuza uso.

Mama alinipaka mafuta ya habasoda. Majirani wakasema ni husuda. Hao ndio waliokuwa wananipenda. Wengine walikumbuka kwamba nilikaa Tanga mwaka mzima kabla hujaanza kuumwa, wakaanza kunong'ona kwamba nimeyaleta maradhi ya huko, yale ambayo mtu hayataji mbele ya watoto. Mnong'ono ulifika Pujini kabla sijafika mwenyewe. Mzee Faki, uliyekwenda kumposa bintiye kwa ajili yangu kwa miguu yako, akatuma mtu aseme harusi yangu na Zuwena isimame kwanza, mpaka ajue kijana ana nini.

Nikaenda hospitali. Daktari alinitoa damu, akaipima, akasema ni safi. Kisha akanikalisha karibu na dirisha, akanichambua kichwa kama ananitafuta chawa. Alishika nywele kidogo kwa vidole viwili akazivuta taratibu, zikamfuata nyingi, akanionyesha mwisho wa kila mmoja kuna kijishina cheupe. Akaniambia upara wa kurithi hauendi hivi. Ule huanza pembeni mwa kipaji au utosini, nao hauna haraka. Nywele hukonda mwaka hata mwaka mpaka zikapotea, na kisogoni zikabaki. Zangu zilikuwa zinatoka kichwa kizima, tena kwa ghafla. Akauliza kama baba yangu ana upara. Nikamwambia hana. Akauliza wajomba. Nikamwambia mjomba Kombo ana umri wa miaka sitini na nywele zake bado zinakishinda kitana.

"Miezi miwili mitatu nyuma, ulipatwa na nini?"

Nikasema hakuna kitu. Nilivaa viatu, nikashika mlango, nikatoka mpaka uani. Nikarudi kumwambia kwamba baba yangu kafa.

Hakunicheka. Alisema mwili hustuka, na nywele hazianguki siku ile ile, huchelewa, ndiyo maana mtu hajui zinamlilia nani. Zitarudi, akasema, nisubiri miezi. Nilitoka pale na hasira zaidi kuliko niliyoingia nayo. Nikamwambie nini Mzee Faki? Kwamba nilijikaza, nikasifiwa, halafu kichwa changu kikaenda kulia peke yake sokoni, mbele ya kila mtu? Ulinikataza machozi, baba. Nilitii. Ona faida yake.

Nilitaka nimpelekee karatasi ya hospitali. Mjomba Kombo akanizuia. "Ukimpa karatasi ya damu, umejibu suali ambalo hajakuuliza. Na ukimwambia umenyonyoka kwa msiba, atakuona dhaifu. Sema ni upara wa babako, yaishe. Nani anakijua kichwa chake?"

Hapo, baba, ndipo nilipokukasirikia kweli kweli. Kwa sababu alisema haki: nani anakijua? Umeshona kofia miaka yote, ukampima kila mwanamme wa mji huu, unajua nani ana kichwa kirefu na nani ana kisogo cha bapa, na chako hakuna aliyekiona. Kila Alkhamisi ulinyolewa, kofia haikukutoka mpaka unapolala. Picha uliyoiacha ni moja, nayo umevaa kofia. Ungeiacha hata picha moja ya kichwa wazi, nisingethubutu.

Lakini mimi nilikijua, na mjomba alikijua. Tulikuwa sote chumbani siku ya kukuosha. Yeye alikuwa akimimina maji na mimi nikisugua. Ulikuwa umeumwa karibu miezi miwili bila ya kunyolewa, na nywele zilikuwa zimeota, nyeupe, nzito, tangu ukingo wa kipaji mpaka shingoni. Nilizipitisha maji ya mkunazi kwa vidole vyangu. Nilistaajabu kwamba una nywele nyingi hivi na mimi sikuwahi kujua. Mjomba aliziona. Hakuwa na haya ya kunifundisha uongo, na mimi sikuwa na haya ya kuufuata.

Nilikwenda Pujini, nikakaa mbele ya Mzee Faki, nikasema, "Ni upara wa kwetu, mzee. Baba alikuwa nao."

Alicheka mpaka akapiga paja. "Kumbe! Fundi alikuwa akishona kwa haja yake mwenyewe!" Akaniletea kahawa na halua, akamwita na kaka yake aje asikie. Harusi ikarudi mahali pake. Naye, kwa furaha, akalieleza jambo hilo kwa kila aliyemuuliza, na lisingeweza kubaki Pujini. Sasa mtu anakuja barazani, anajaribu kofia, anaangalia kioo, anasema, "Marehemu alitustiri sote, kumbe akijistiri." Wanasema kwa mapenzi, wala si kwa ubaya. Na mimi ninainamia sindano na kucheka nao.

Lilimfikia mama ndani ya eda. Wanawake waliokuja kumtazama walimwambia kama jambo la kuchekesha. Walipoondoka aliniita. "Waongo! Mie ndo niliokuwa nikimnyoa, kila Alkhamisi tangu kaniowa. Kichwa kile nnakijua kuliko uso wangu. Nani kamzulia mume wangu, Hamad?"

Nikasema sijui.

Baba, nilidhani nimechukua kitu kisichokuwa na mwenyewe. Kumbe nilikuwa namnyang'anya yeye. Watu wote walikuwa na kofia zako, na mama peke yake ndiye aliyekuwa na kichwa chako.

Kisha daktari akawa msema kweli. Mwezi wa sita nywele zikaanza kurudi, fupi, ngumu, kichwa kizima. Mtu mwingine angechinja mbuzi. Mimi nikachukua wembe wako nikaanza kunyoa, kwa sababu upara wa kurithi hauoti, na zikiota nimeumbuka. Nimenyoa kwa siri wiki kadhaa. Harusi ni mwezi ujao. Nikajiuliza, nitanyoa mpaka lini? Zuwena atakuwa mke wangu. Atataka aninyoe yeye, kama mama alivyokunyoa wewe, na mkono wake utakijua kichwa changu siku ya kwanza.

Leo asubuhi, Alkhamisi, nilikaa uani na maji yangu. Wiki iliyopita sikunyoa, nilikuwa na homa. Mama, ambaye keshatoka eda, alinikuta, akauchukua wembe mkononi mwangu. "Nipe mie," akasema, kama aliyekuwa akisubiri zamani. Akaweka kiganja kichwani pangu. Mkono ukasimama. Akaurudisha mbele, akaupeleka nyuma, akapapasa pale nyuma ya utosi ambapo nywele huzunguka kwenda kushoto.

"Nywele zino ndo za babako," akasema. "Zilikuwa zinazunguka papa hapa."

Nikamwambia yote. Mzee Faki, mjomba, maji ya mkunazi, ile "sijui" yangu. Aliukunja wembe, akauweka kwenye kifuko chake, akaingia jikoni, na mimi nikabaki pale na maji yaliyopoa. Nikalia. Nisamehe, nimevunja ahadi yetu. Nililia kwa sauti, jirani akaja ukutani kuuliza kuna nini, na sikunyamaza hata nilipomsikia. Nimechelewa, najua, karibu miezi minane.

Mama alirudi na chai. Hakusema kwamba amenisamehe. Alisema tu, "Kesho uende Pujini."

Basi kesho, tukishatoka msikitini, nitakwenda. Nitavua kofia mbele ya Mzee Faki, ingawa si adabu kukaa kichwa wazi mbele ya mkwe, nimwonyeshe zilivyoota, na nimwambie kwamba nilinyonyoka kwa kufiwa na kwamba nilimdanganya. Anaweza kunikubali, anaweza kuniambia sina mke kwake. Naogopa sana, baba. Zuwena nampenda, sikupata kukwambia. Lakini sitaki aanze maisha na mimi juu ya uongo wa kichwa chako.

Kofia yako nimeijaribu tena. Imeanza kugoma kushuka, karibu kama zamani. Nimeifua nikaivisha faroma yako, ikauke kwa umbo lako. Nitashona yangu.

Na hii ndiyo salamu niliyoichelewesha: Mola akulaze mahali pa raha, mikono yako ipumzike. Mama anakusalimu; hakunituma, lakini najua. Ahadi yangu kwako ni hii moja. Kila atakayekaa barazani akacheka habari ya upara wako, nitaweka sindano chini na kumwambia kwamba nilikiosha kichwa kile kwa mikono yangu, na kilikuwa na nywele tele.

Mwanao,
Hamad